Boksi la hewa nililolitoa, kisha nikaanza kulijenga upya

Bolti ya kwanza ilinitoka mkononi hata kabla sijapata joto la kazi. Ni bolti ndogo ya spana namba kumi, moja kati ya tatu zinazoshikilia boksi la ea klina, lile lenye chujio la hewa inayoingia kwenye injini. Niliilegeza kwa racheti vizuri tu, nikaimalizia kwa vidole, ikafika mwisho, ikateleza. Ting, kwenye injini. Ting nyingine, chini zaidi. Kisha kimya. Mwanangu aliyekuwa ameshika tochi akaniangalia.

"Baba, imeenda wapi?"

Nikamwambia itapatikana.

Karatasi ya maelekezo iliyokuja na vifaa ilisema kazi yote ni saa moja. Sijui aliyeiandika ana vidole vingapi. Mimi nilianza asubuhi na nikafunga boneti alasiri, na hapo sijahesabu wiki mbili zilizofuata za kurudi kurekebisha nilichokiharibu.

Niseme ukweli kabla sijaendelea: nilichokuwa nakitaka ni mlio. Kila anayebadilisha mfumo wa kuvutia hewa wa gari lake atakwambia habari za nguvu za farasi, za mafuta kupungua, za injini "kupumua". Mke wangu nilimwambia hivyo hivyo, na akanitazama kama anavyonitazama ninapodai naenda dukani mara moja. Kilichonitia wazimu ni ule mngurumo wa injini inayovuta hewa kwa kiu mtu anapokanyaga mafuta. Niliusikia kwenye gari la rafiki yangu, basi, yakaisha.

Lakini nadharia nayo naipenda. Injini ya petroli ni pampu ya hewa yenye moto ndani yake. Ikiwa ni ya lita 2, kila krenki (mhimili mkuu wa injini) ikizunguka mara mbili silinda zote zimevuta pumzi moja, jumla lita 2. Kwa mizunguko 6,000 ya dakika moja hiyo ni lita 6,000, yaani lita 100 za hewa kila sekunde, kama silinda zingejaa sawasawa. Hazijai kabisa, ila hesabu inatosha kukuonyesha ukubwa wa jambo: mapipa mawili ya lita 50 yanamezwa kila saa inapopiga tiki. Kwenye usawa wa bahari, siku ya nyuzi 20, hewa hiyo ina uzito wa gramu 120 hivi. Na uzito ndio unaohesabika, maana mafuta hupimwa kwa uzito wa hewa: gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, injini ikiwa katika mwendo wa kawaida. Shikilia hilo neno uzito, nitalirudia nikifika kwenye joto.

Kwa hiyo nikaona njia iko wazi. Toa boksi la plastiki na bomba lake lenye mikunjo, weka bomba pana lililonyooka na chujio la umbo la pia lililokaa wazi, hewa iingie bila kizuizi.

Boksi lilipotoka nilishangaa lilivyo kubwa. Nililigeuza-geuza mikononi. Upande mmoja lina mdomo mrefu bapa unaokwenda mbele hadi juu ya rejeta, nyuma tu ya matundu ya uso wa gari. Upande mwingine limeotesha chumba cha ajabu, kama kitambi, kisichokwenda popote. Hewa haipiti humo. Hakina chujio. Ni tundu moja dogo tu na nafasi tupu nyuma yake. Nikasema kwa sauti, mwanangu akisikia, "Haya ndiyo mambo ya kiwandani, kujaza plastiki tu."

Baadaye nikaja kujua nilikuwa nimelitukana bure. Chukua chupa tupu, puliza juu ya mdomo wake: inatoa mlio mmoja, huo huo kila mara, kutegemea ukubwa wa tumbo lake na shingo yake. Hermann von Helmholtz, mwanafizikia Mjerumani wa karne ya 19, alilichambua jambo hilo kwa kina hata likabeba jina lake. Waunda magari wanaligeuza kinyume. Wanabandika chupa hiyo kwenye njia ya hewa, wakiwa wamekadiria tumbo lake lilingane na mngurumo wanaotaka kuuzima, na ile chupa inaumeza. Yaani ule mlio nilioutamani ulikuwamo ndani ya gari langu tangu siku ya kwanza. Kuna mhandisi aliyelipwa mshahara aufiche.

Kazi yenyewe si ngumu, ila ina adabu zake. Kichwa hasi cha betri kwanza. Kisha soketi ya umeme ya sensa ya ea flo (inayopima hewa inayoingia), ambayo ina kikufuli kidogo cha plastiki kilichokaangwa na joto la injini kwa miaka. Ukikivuta kwa hasira kinavunjika, na utakifunga kwa waya maisha yako yote. Kibonyeze kwa kucha, sukuma soketi mbele kidogo kama unaifunga zaidi, ndipo uivute. Inatoka yenyewe. Mdomo wa throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, ukibaki wazi uzibe na kitambaa safi papo hapo. Baada ya ile bolti kunipotea nilijikuta nimesimama nautazama mdomo ule mweusi, nikawaza kama ingechagua njia ile. Niliuziba kwa vitambaa viwili.

Sensa nataka niizungumzie kidogo, maana ndiyo kitovu cha kila kitu na ndiyo watu wanaishika kama kiazi. Kwenye gari langu imefungwa kwa skrubu mbili za kichwa cha nyota. Ukiichomoa unaona ndani ya kidirisha chake waya mwembamba kama unywele. Umeme unaupasha moto. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta ya injini inapima umeme unaohitajika kuurudishia joto lake. Hapo ndipo inapojua ni gramu ngapi za hewa zimepita. Usiuguse kwa kidole, usiupulize kwa kompresa. Ukiwa mchafu kuna dawa yake ya kunyunyizia, si ile ya breki.

Sasa, sensa haioni bomba zima. Inaonja hewa inayopita pale ilipo tu, halafu kompyuta inakadiria iliyobaki kwa kuamini kwamba bomba lina upana ule ule wa kiwandani. Ukiiweka kwenye bomba pana zaidi, hewa ile ile inapita polepole, waya unapoa kidogo, kompyuta inadhani hewa ni chache na inatoa mafuta pungufu. Na upana haudanganyiki kwa macho. Kutoka kipenyo cha milimita 70 hadi 75 unaona ni kitu gani? Ni asilimia 15 ya eneo. Kwa hiyo kabla ya kununua pima kwa kalipa pale sensa inapokaa, kwenye bomba jipya na la zamani. Vifaa vilivyotengenezwa na watu wenye akili hulifanya bomba lote pana na kulibana sehemu ile moja tu. Vyangu vilikuwa hivyo, nashukuru, kwa sababu kosa nililolifanya mwenyewe lilitosha.

Kufunga kulikwenda haraka. Mpira wa silikoni kwenye throto, bomba ndani ya mpira, breketi ya bomba kwenye bodi ya gari, chujio mwishoni, ule mpira mdogo utokao kwenye kifuniko cha valvu ukaingia kwenye chuchu yake. Klampu, klampu, klampu. Nikarudisha betri, nikawasha.

Kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, hakuna tofauti yoyote. Gari limesimama linanguruma kama jana. Nikamwambia mwanangu akae pembeni, nikakanyaga mafuta kidogo. Nilicheka peke yangu. Ule mlio ni wa koo, si wa ekzosti (bomba la moshi). Unatoka mbele, unapanda kifuani, na ukiachia mafuta unakatika kama mtu aliyevuta pumzi akaizuia. Nilizunguka mitaa mitatu bila sababu, vioo vyote chini.

Siku ya tatu taa ya injini ikawaka.

Tayari nilikuwa nimehisi kitu. Asubuhi injini ikiwa baridi sailensa ilipanda na kushuka, na nikikanyaga ghafla gari lilisita nusu sekunde kabla ya kuondoka. Nilijidanganya kwamba kompyuta bado inajifunza. Nikachomeka kifaa changu cha kusomea, kikanipa kodi (si ile ya mapato): P0171, mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Nikafungua ukurasa wa marekebisho ya mafuta. Pale kompyuta huandika ni asilimia ngapi imelazimika kuongeza au kupunguza ili sensa ya oksijeni kwenye ekzosti iridhike. Gari lisilo na tatizo hucheza karibu na sifuri. Langu lilikuwa limeandika 22 juu. Kompyuta ilikuwa inamimina mafuta ya ziada kama mama anayeongeza maji kwenye sufuria kila akigeuka, haelewi yanakwendea wapi.

Baada ya kazi kama hii, maana yake mara nyingi ni moja: kuna hewa inayoingia baada ya sensa, bila kuhesabiwa. Nilikagua mpira mdogo, mzima. Nilikagua klampu zote kwa juu, zimekaza. Nilinyunyiza maji ya sabuni, sikuona kitu, kwani pale hewa inafyonzwa ndani, haitoki. Mapovu yatatoka wapi? Mwisho nilipitisha mkono chini ya bomba, mahali ambapo macho hayafiki, nikafuata ukingo wa mpira wa silikoni kwa ncha ya kidole. Upande wa juu mpira umepanda vizuri juu ya mdomo wa throto. Pembeni, vizuri. Chini kabisa kidole kikazama. Palikuwa na mwanya wa mwezi mchanga, upana wa ukucha, na klampu ilikuwa imeuma nusu mpira nusu hewa.

Chanzo nilikijua palepale. Nilikuwa nimekaza breketi ya bomba kwenye bodi kabla ya mpira kukaa, bomba likawa limevutwa juu milimita chache. Injini nayo haitulii. Ukikanyaga mafuta inajinyonga kwenye maunti zake (mipira inayoishikilia), na kila ikijinyonga ule mwanya ulikuwa unafunguka zaidi. Ndiyo maana ya kusita. Dawa yake ni ya bure: legeza kila kitu, kila klampu na breketi, sukuma mpira mpaka usikie umevuka tuta la mdomo wa throto, sogeza bomba mpaka likae lenyewe bila kushikwa, halafu kaza kuanzia throto kwenda nje, breketi iwe ya mwisho. Na klampu usizikaze kama unafunga gurudumu. Silikoni ikianza kuvimba pembeni mwa klampu, umeshapita.

Marekebisho ya mafuta yakashuka hadi 4. Taa ikazimwa, haijarudi.

Hapo ningeweza kukaa kimya na kufurahia mlio wangu. Lakini kifaa cha kusomea kilikuwa bado kimechomekwa, na mtu akishaona namba hatulii. Kwenye foleni, jua la saa nane, joto la hewa inayoingia lilikuwa nyuzi 58. Nje palikuwa na 33. Lile boksi la zamani, kwa mdomo wake ule uliofika mbele, juu ya rejeta, lilikuwa likinipa nyuzi moja au mbili juu ya hewa ya nje gari likitembea, na kwenye foleni halikuwahi kunionyesha 45.

Rudi kwenye uzito. Hewa ikipata joto inatanuka, na kwa kila lita injini inapata gramu chache zaidi ya pale mwanzo? Hapana, pungufu. Ukihesabu kwa nyuzi za Kelvin (za Selsiasi ukiongeza 273), kutoka 33 hadi 58 ni kutoka 306 hadi 331, yaani umepoteza asilimia 7 na nusu ya uzito wa hewa. Nimeng'oa plastiki nzima nipate hewa zaidi, nikaweka chujio juu ya tanuri. Tena kompyuta ikiona hewa ya moto inachelewesha cheche ili injini isigonge, ukapoteza mara ya pili. Ni kweli sensa yenyewe hupashwa na bomba la chuma ilipokaa, kwa hiyo ile 58 ina chumvi kidogo, na ukishapata mwendo joto linashuka ndani ya dakika chache. Lakini hasara kwenye foleni ilikuwa hasara.

Basi nikanunua ukuta wa bati wa kuzuia joto, wa kuzunguka chujio. Ukasaidia. Kisha nikaona juu pako wazi, nikaongeza ukanda wa mpira kwenye ukingo wake ili boneti ikifungwa ikae juu yake. Ukasaidia tena. Kisha nikajiuliza hewa ya baridi itaingilia wapi sasa, maana nimeziba pande zote. Nikaenda stoo, nikautoa ule mdomo mrefu bapa wa boksi la kiwandani, nikakata tundu kwenye bati, nikauchomeka. Foleni ile ile, joto likakaa kwenye 43.

Mwanangu alinyanyua shingo akaangalia. Bati pande nne, mpira juu, mdomo wa plastiki ukielekea mbele, chujio katikati.

"Baba, si ni boksi?"

Nikamwambia anipe bisibisi.

Je, gari limeongeza nguvu? Watu huniuliza hili kuliko lolote, na najibu kwa hesabu ya kukadiria tu. Kizuizi cha njia ya hewa kinaweza kukuibia kadiri ya shinikizo linalopotea kati ya nje na throto. Tuseme boksi na chujio lake vinakula kilopascal 3 kati ya 101 za angani, injini ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Ukiviondoa vyote ubaki na tundu tupu, umeokoa asilimia 3, na chujio jipya nalo litakula sehemu yake. Asilimia 2 huwezi kuisikia kwa makalio. Unachosikia ni masikio yako yakiyadanganya makalio. Kwenye injini za turbo (zenye feni ya kusukumia hewa ndani kwa nguvu), hasa zilizoandikiwa programu mpya, hadithi ni nyingine. Yangu haina turbo.

Na mafuta? Maabara ya taifa ya Oak Ridge ya Marekani ilipima mwaka 2009 magari ya kisasa kwa chujio safi na kwa chujio lililozibwa makusudi. Ulaji wa mafuta haukubadilika kwa maana. Kilichopungua ni kasi ya kuchomoka. Ukifikiri utaona ni lazima iwe hivyo: ukiendesha kawaida, throto yenyewe imefungwa zaidi ya nusu. Wewe mwenyewe ndiye kizuizi, kwa mguu wako. Langu lilianza kula zaidi mwezi wa kwanza, na sababu ni mguu huo huo unaotaka kusikia mlio.

Wapo walionishauri nichukue lile bomba refu, linaloteremsha chujio hadi nyuma ya bampa karibu na gurudumu, ambako hewa ni baridi kweli. Ni baridi, lakini iko kimo cha goti. Dimbwi moja la kina usilolijua na injini inafyonza maji. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda ikayakuta, kinachokubali ni konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), inapinda kama msumari. Sina moyo huo.

Chujio langu ni la pamba iliyotiwa mafuta, la kuosha na kutumia tena. Nimeshaliosha mara moja. Linatia raha kulitazama maji ya kahawia yakitoka, ila ukilirudishia mafuta kwa ukarimu yanasafiri hadi kwenye ule waya wa sensa na kuugandisha na vumbi, na utarudi kule kule kwenye taa. Nilitia mstari mmoja mwembamba kwa kila mkunjo, nikaliacha usiku kucha juu ya gazeti. Asubuhi gazeti lilikuwa na doa, nikafurahi kwamba doa lile halikuwa kwenye sensa. Karatasi ya kiwandani ilikuwa haina mambo haya, ilikuwa inatupwa tu.

Boksi liko stoo, juu ya rafu, limefunikwa. Sikulitupa kwa sababu siku gari litakapouzwa nitalirudisha, na kwa sababu ziko sehemu ambako ukaguzi huuliza: California, kwa mfano, kifaa cha namna hii lazima kiwe na namba ya idhini ya bodi ya hewa ya jimbo, imebandikwa mahali pa kuonekana. Bolti zake ziko kwenye mfuko wa nailoni niliofunga kwenye shingo ya boksi. Mbili.

Ya tatu tuliitafuta mimi na mwanangu kwa tochi na sumaku mpaka giza likaingia. Imo kwenye sampugadi, ile kinga ya plastiki iliyo chini ya injini, mahali fulani. Nikifunga breki kwa nguvu naisikia ikiviringika kwenda mbele, na nikikanyaga mafuta inarudi nyuma, ila hapo siisikii vizuri kwa sababu ya mlio.